Prosesa ya Msambaa

Mimi ni Mzigua wa Handeni, na Hiza alikuwa Msambaa wa Mombo, kwa hiyo kabla hatujawa washirika wa kazi tulikuwa tayari watani. Mgeni angetusikia dukani kwetu Korogwe angedhani muda si mrefu tutashikana mashati. Hiza alipenda kusema kwamba Mzigua akiona maji ya bomba huyaamkia shikamoo. Nami nilimjibu kwamba Msambaa akishuka milimani, jua la tambarare likimgusa tu, hupiga yowe kuwa kijiji kinaungua. Wateja walicheka, sisi tukaendelea na kazi.

Kazi zenyewe zilikuwa mbili, kompyuta moja. Asubuhi Hiza alihariri video za harusi na misiba, maana ndiye aliyekuwa mpiga video wa watu wengi kuanzia Mkumbara hadi Magoma. Jioni kompyuta ilikuwa yangu: vijana walikuja kucheza gemu za mpira na za vita. Ilipochoka, ikawa inaganda katikati ya gemu, na kurenda harusi moja, yaani kuunganisha vipande vyote kuwa video kamili, ikawa shughuli ya kutwa nzima. Tukakubaliana tuijenge upya. Kila kitu tuliafikiana isipokuwa prosesa, ule ubongo wake, na hapo ndipo vita vilipoanza.

Mimi nilitaka ya kori nane. Kori ndizo mikono ya prosesa, na hiyo yangu ilikuwa na mikono michache lakini myepesi, tena imewekewa akiba kubwa ya kumbukumbu karibu kabisa, kwa hiyo gemu haisubiri kitu. Hiza alitaka ya kori kumi na sita, ambayo hugawa kazi nzito vipande vipande na kuvifanya vyote kwa pamoja. Nikamwambia anayekaanga chapati ya mteja aliyesimama mbele yake hahitaji wapishi kumi na sita, wataungua mikono bure. Akanijibu, "Wewe Mzigua, pilau la harusi umeshawahi kulipika peke yako, au huwa unafika wakati wa kula tu?"

Mdoe, anayetuuzia vifaa kutoka Tanga, alichoka kutuamua kwenye simu. Akatuma zote mbili, kwa kuwa zote zinaingia kwenye bodi ileile, akasema tujaribu kisha moja tumrudishie ikiwa salama.

Tukaanza na gemu. Kwa prosesa yangu picha ilitiririka hata pale vitani palipojaa moshi na watu. Tulipoweka ya Hiza, gemu ilichezeka vizuri tu, ila penye msongamano ilikuwa inashtuka kidogo, nami kila iliposhtuka nilipiga makofi. Kisha tukarenda harusi moja ya Magoma. Ya kwangu ilifanya kazi kwa heshima zake. Ya Hiza ikamaliza kwa karibu nusu ya muda huo. Nikadai kipimo si halali, dirisha lilikuwa limefungwa na prosesa yangu ilishikwa na joto. Hiza alicheka mpaka akashika ukuta.

"Yaani leo ni dirisha," akasema. "Kesho utasema imerogwa."

Basi hakuna aliyekubali, na ada ya utani wetu ndiyo hiyo, mtani hamkubalii mwenzake hata akiona kwa macho. Prosesa yake ikabaki ndani ya kompyuta kwa kuwa ndiyo tuliyoijaribu mwisho. Wiki hiyo akaenda kupiga harusi nyingine, akanyeshewa njia nzima ya kurudi, akaamka na homa. Tukadhani malaria, kama tunavyodhani siku zote. Kumbe kichomi, tena cha pande zote mbili. Nilipokwenda kumwona wodini alikuwa akipumua kwa msaada wa mpira wa oksijeni, macho yamemwingia ndani. Aliponiona akasogeza mkono niiname.

"Hujairudisha ya kwangu?"

"Kesho asubuhi inapanda basi la Tanga," nikasema.

"Thubutu!"

Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kinywani mwake. Alifariki usiku huo, na asubuhi tukamsafirisha kwao Mombo.

Nilipofika msibani nilikaa pembeni na wanaume, nikainamisha kichwa. Mama yake, Emiliana, akamtuma mtu aniite ndani. Nikamwamkia shikamoo mama. Hakuitikia marahaba. Akanishika kidevu akaniinua uso.

"Sabiri, mwanangu, huko nje unafanya nini? Waliao ninao wengi. Mtani wa mtoto wangu ni wewe tu."

Akanipa koti la Hiza na vile visikilizio vyake vikubwa. Nikavivaa, maana kwetu mtani humwigiza marehemu ili wafiwa wacheke. Nikaokota kipande cha ubao, nikakiweka begani kikawa kamera, nikatoka uani nikitembea kama yeye, kwa miguu ile aliyoitupa nje kidogo. "Shangazi, sogea kwenye mwanga, umetokea mweusi! Mchungaji, sala haikuingia vizuri, tuirudie! Nyie wa jikoni, lieni tena, hapo mwanzo sikuwa tayari!" Watu walicheka huku machozi yakiwatoka. Fausta, dada yake Hiza, yeye ndiye aliyekuwa na kamera ya kweli, ile ya kaka yake, na alikuwa akirekodi kila kitu kwa kuwa kaka yao mkubwa, Mikaeli, yuko mbali kazini na hakuwahi kufika.

Jeneza lilipotaka kutolewa nikajilaza mlangoni. Nikasema hapiti mtu mpaka Msambaa huyu akiri mbele ya ukoo wake kwamba kori nane ndizo zenyewe. Wazee hawakujua kori ni nini, lakini utani wanaujua, wakaniletea jogoo ili nipishe. Nikakataa. Nikagonga jeneza kwa kidole. "Hiza! Jibu basi!"

Nikasubiri. Nilikuwa nacheza, lakini masikio yangu hayakuwa yanacheza. Miaka yote ile hakuwahi kuniachia neno bila kulirudisha. Nikachukua jogoo wangu, nikapisha.

Baada ya matanga kazi ya kuhariri video ile ikaniangukia mimi. Nani mwingine? Nilirudi Korogwe, nikafungua duka mchana na kuwafukuza vijana wa gemu. Nikapanga vipande: watu wanaingia, mimi na ubao wangu, safari ya kaburini, udongo, mashada. Nikaamuru kompyuta irende, nikatoka kununua chai kwa jirani. Niliporudi, kikombe bado kinafuka moshi, ilikuwa imemaliza.

Nilikasirika, nasema kweli. Nilisimama nikaitukana ile mashine kwa Kizigua. Mtu kazaliwa, kaishi, kanichosha kwa ubishi, halafu prosesa aliyoitaka mwenyewe inamzika kabla chai haijapoa. Nikampigia Fausta nikamwambia iko tayari, aje aichukue. Lakini nilipokata simu nikaifuta video. Nikafungua kompyuta, nikatoa feni, nikafuta ile dawa ya kupitisha joto, nikang'oa prosesa ya Hiza nikaweka ya kwangu. Nikaanza kurenda upya.

Fausta alifika akanikuta nimekaa mbele ya kioo, picha zikipita taratibu.

"Si umeniambia imekamilika?"

"Ilikamilika. Nimeifuta."

"Ilikuwa na kasoro?"

"Hata moja. Iliisha upesi mno, Fausta. Nimeweka ile inayochelewa, tukae naye kidogo."

Akavuta kiti. Tulikaa pamoja mpaka mwisho, na yalipofika mashada akaomba niirudie, nikairudia. Kisha nikaizima kompyuta, nikaitoa tena prosesa ya kori nane, nikaisafisha kwa pamba na kuiweka kwenye boksi lake.

"Hiyo ndiyo inayorudi kwa Mdoe?" akauliza.

"Ndiyo."

"Si ndiyo yako?"

"Ni yangu. Kaka yako alikuwa amesema kweli. Kazi yetu ilihitaji ile ya kwake."

Fausta akanitazama kwa hofu, kana kwamba nimemletea habari ya msiba ambayo hakuwa ameisikia. Siku ya mazishi hakulia, kamera ilimshughulisha.

"Mbishie," akasema. "Sabiri, tafadhali, usimkubalie. Mbishie kama zamani."

Nikafungua mdomo. Nikatafuta dirisha, joto, uchawi, chochote cha kumtupia Msambaa yule. Sikupata neno. Fausta akajifunika uso kwa khanga, akalia kwa sauti, nami nikalia naye.