Katambuga za Masele

Zipora alifika machimboni saa nane mchana akihema, akakuta watu wamelizunguka duara, lile shimo la kuchimbia, na mvuke unapanda kutoka ndani kama sufuria iliyofunuliwa. Wachimbaji walikuwa wamepasua chemchemi ya maji ya moto huko chini. Cornel, mzamiaji aliyeitwa kutoka ziwani, alikuwa ameshazama na mtungi wake wa hewa mgongoni.

"Mume wangu yumo," alimwambia Maduhu, msimamizi wa duara.

"Hayumo, mayu. Masele katoka. Aliyebaki ni Donatus peke yake. Tumehesabu viatu."

Pale hakukuwa na daftari. Kila anayeshuka huvua viatu mdomoni mwa duara, vidole vikielekea nje, na akitoka huvaa vyake. Kugusa vya mwenzako ni mwiko. Maduhu aliiamini hesabu hiyo kuliko macho yake, na ukitaka ugomvi naye, mwambie amekosea. Sasa palikuwa na pea moja tu, buti za Donatus zilizochanika ubavuni.

Zipora aliinamisha macho, akaiona miguu yake mwenyewe.

Asubuhi alikuwa amemletea Masele ugali. Wakati wa kurudi, lapa lake likakatika kamba. Katambuga za mumewe, ndala zake za tairi, zilikuwa pale pale, naye hatoki mpaka jioni. Alichungulia huku na huku, akazivaa, akaenda zake. Angemwomba nani ruhusa, wakati jibu analijua?

"Hizi hapa," alisema.

Maduhu aliiangalia ile miguu, akakimbilia ukingoni kumwita Cornel. Chini ya maji Cornel hakumsikia.

Muda si mrefu Cornel aliibuka akimvuta Donatus, ngozi imemwiva, lakini yu hai. Donatus alitapika maji, kisha akasema, "Masele yuko kule juu kwenye tawi la shimo, maji yamemfika kifuani. Mpira wa kupumulia ulikuwa mmoja. Akanisukuma mimi mbele."

"Niliambiwa mmoja, nikajiandaa kwa mmoja," Cornel alisema, hakumtazama mtu usoni. "Na maji ya moto yanakuchosha, unahema mara mbili. Hewa yote imeisha. Mtungi mwingine unaletwa na pikipiki."

"Nipe huo huo nishuke mwenyewe."

"Mtupu, mama."

Zipora aliukamata hivyo hivyo, akauburuta kuelekea shimoni, mpaka Maduhu alipomshika kiunoni. Alimng'ata mkono. Alilia, akamwomba Mungu, kisha akamtukana Maduhu, akayatukana na maji. Mwishowe alizivua zile katambuga, akaziweka mdomoni mwa duara kando ya buti za Donatus, vidole nje, akazinyoosha kwa viganja vyote viwili kana kwamba kuzipanga vizuri kungesaidia kitu.

Kutoka chini, Masele alikuwa akigonga bomba la pampu kwa jiwe. Ngo, ngo, ngo, kisha kimya. Kila akigonga, Zipora naye aligonga huku juu. Alimwambia kwa Kisukuma kwamba wanakuja. Saa tisa na nusu Zipora aligonga, akasubiri jibu. Akagonga tena. Akaendelea kugonga mpaka ngozi ya vidole ikachubuka.

Pikipiki ilifika saa kumi kasoro. Cornel alifunga mtungi, akazama.

Alitoka peke yake. Alikaa ukingoni, akavua miwani ya maji, akamwita Zipora asogee.

"Maji yamejaa hadi juu," alisema. "Nimemfunga kamba, watamvuta. Kuna neno aliniambia nilipozama mara ya kwanza. Sikulisema, nilidhani atakwambia mwenyewe."

"Sema."

"Aliniuliza kwa nini nimekuja na mpira mmoja. Nikamwambia viatu ni pea moja. Akacheka. Akasema, basi mke wangu kavivaa, lapa lake lilikuwa bovu, na mimi ndiye niliyechelewa kumnunulia mengine. Akasema nikuambie usivivue. Njia ya nyumbani ina changarawe."

Maduhu aligeuka upande. Wanaume walianza kuvuta kamba. Zipora alisimama pekupeku kwenye kokoto, na katambuga zilikuwa pale pale mdomoni mwa duara, vidole nje, na hakuna aliyethubutu kuzigusa.