Jua Kwenye Jicho la Mkanda

Kwa mara ya tatu asubuhi ile plagi zilimwagika sakafuni, na Brighton akashika kichwa.

"Mtambo huu una shetani! Waya zote nimebadilisha!"

Darasa zima likaangua kicheko. Biubwa hakucheka. Alikuwa nyuma kabisa, karibu na kabati la spana. Ilikuwa Ijumaa, siku yake ya mwisho. Alipotoka kwao Vihingo, Kisarawe, kuja chuo hiki cha Kibaha, hakuficha kwamba aliishia darasa la tano. Mwalimu Didas alimpokea kwenye ufundi wa magari na mitambo kwa majaribio ya mwezi mmoja: atafute hitilafu moja, aieleze mbele ya wenzake. Akishindwa, atahamia ushonaji. Mikono haikuwa na shida, injini alikwisha kuifungua na kuifunga. Mdomo ndio uliokuwa mzito.

Mtambo wenyewe ulikuwa mkanda mdogo wa kubebea plagi za magari. Pembeni una jicho linalotazama taa iliyo ng'ambo. Plagi ikipita ikaziba taa, mkanda husimama wenyewe, plagi isianguke. Lakini tangu juzi, asubuhi ulikuwa hausimami, na mchana unapona bila dawa.

Wingu likafunika jua. Mkanda ukasimama. Wingu likaondoka, plagi zikamwagika tena.

Biubwa akatazama dirishani. Kwao, korosho zikianikwa, yeye ndiye aliyehamisha mikeka kulifuata jua. Alijua linapiga wapi, saa ngapi. Akapenya katikati ya wenzake, akalikinga jicho kwa kiganja upande wa dirishani, taa asiizibe. Plagi ikafika. Mkanda ukasimama. Akaondoa, ukaenda. Akakinga, ukasimama!

"Oya, Biubwa mganga!" Brighton alipiga kelele.

"Mkono umejibu," alisema Mwalimu Didas. "Mdomo je?"

Biubwa akaamua asimtazame mtu yeyote. Akaliinamia lile jicho, akaliambia lenyewe.

"Jua la dirishani linakupiga," alisema kwa sauti ndogo. "Plagi inaziba taa, lakini wewe bado unaona mwanga, unadhani hakuna kitu. Mchana jua likipanda juu ya paa, unapona. Waya hazina kosa."

"Sasa tufanyeje?" mwalimu aliuliza.

"Tulikatie kofia ya bati!"

Sauti ilitoka kubwa hadi mwenyewe akashtuka. Na ilipokwisha kutoka, haikurudi ndani. Akaeleza kofia iwe na urefu gani, iinamie upande gani, skrubu zikae wapi, na kwamba Brighton azirudishe waya za watu alizozing'oa bure.

"Dada, pumua basi!" Brighton akasema, mikono juu.

Mwalimu Didas alifungua kabati, akamkabidhi Biubwa mkasi wa bati.

"Kata. Na Jumatatu usichelewe."