Dhambi za Kuazima

Sijawahi kuonja pombe. Nalisema hili kwanza kwa sababu mwaka ule wa 1979 ungemuuliza mtu yeyote pale mtaa wa Kongo, Kawangware, Nairobi, angekuapia kwamba Sella fundi wa nguo alikuwa mlevi wa kupindukia kabla Yesu hajamwokota mtaroni. Mtaro wenyewe mpaka leo siujui ni upi.

Kosa lilianza siku nilipojiunga na ushirika wa waliookoka, uliokutana kila Jumatano nyumbani kwa Mzee Gachanja. Mzee ndiye aliyekuwa kiongozi wetu wa sala, na ndiye aliyekuwa mwenye ploti ya vyumba nilimopanga, kwa hivyo duniani na mbinguni nilikuwa chini yake. Desturi ya ushirika ule ni kwamba mgeni husimama, husema Bwana asifiwe, kisha huyaweka maisha yake ya zamani nuruni. Waliosimama kabla yangu walikuwa na mali ya kuonyesha: mmoja aliwahi kufungwa, mwingine alimkimbiza mkewe na panga. Mimi nilikuwa na nini? Nililelewa Bungoma na mama aliyeomba hata kabla ya kukamua ng'ombe. Niliwahi kuiba sukari. Niliwatazama wale watu wakinisubiri kwa huruma, nikaona aibu ya kuwa sina dhambi ya maana, na mdomo ukafunguka wenyewe.

Nikasema nilikuwa mlevi. Chumba changu kilipakana na baa, ukuta wa mbao tupu, kwa hivyo maneno ya walevi nilikuwa nayo ya kutosha. Palipopungua nilichota kwenye michezo ya redio. Nikawaeleza jinsi nilivyorudi nyumbani siku moja nikiyumba, nikamkuta punda wa muuza maji, nikamwamkia kwa heshima zote nikidhani ni mke wa pasta, kisha nikamgombeza kwa kuwa hakuitikia. Watu walicheka mpaka mama mmoja akalala mkekani. Nikaeleza nilivyomlilia Yesu, nao wakalia. Mimi pia nililia, tena machozi ya kweli. Hilo ndilo linalonichanganya mpaka leo: Mungu alikuwemo mle chumbani. Nilimsikia karibu kabisa, huku nadanganya.

Basi nikanaswa. Wiki iliyofuata niliitwa kushuhudia mtaani Ayany, kisha Kibera kwenyewe, si mara moja wala mbili. Waliosikia walileta wenzao, na wenzao walimtaka punda. Nikimruka walidai kutoka nyuma, "Dada, na ya punda!" Ikabidi niongeze dhambi, maana zile za kwanza zilikuwa zimezoeleka. Nilikuwa nikishona sketi ya mtu huku nikipanga jinsi nilivyowahi kuvunja viti vya baa. Nikipiga magoti kuomba peke yangu, nilisikia ile sauti ya jukwaani, na ilinichukiza.

Nikaenda kwa Mzee Gachanja, nikamkuta akiwarushia kuku mahindi, nikamwambia ukweli wote.

"Hata chupa moja?" akauliza.

"Hata moja, Mzee."

Akarusha konzi nyingine. "Watu tisa wameokoka na huo ushuhuda wako. Sasa tuwarudishe?"

"Lakini ni uongo."

"Wewe Sella, wacha kiburi. Bwana alitumia hata punda wa Balaamu kufikisha neno lake." Akatambua alichokisema, akatabasamu kidogo, lakini hakulegea. "Jumapili tuko na mkutano hapa uwanjani. Vipaza sauti vimekuja, na jina lako liko kwa karatasi. Mambo mengine tutaongea baadaye."

Nilitoka pale na hasira ya kutaka kumuuma mtu. Aliyestahili kuumwa nilikuwa mimi.

Jumapili mchana, nimeshavaa nguo yangu nyeupe na ninafunga kitambaa, mtu akabisha. Alikuwa Mumbi, yule msichana aliyehudumu katika baa iliyopakana nami. Nilikijua sana kicheko chake, lakini hatukuwa tumewahi kuketi pamoja. Alikuwa amebeba nguo zake kwenye mfuko, na mikono ilikuwa ikitetemeka.

"Dada Sella, nimetoka. Nimewaachia kazi yao. Tangu jana sijaonja pombe."

"Umetoka uende wapi?"

"Kwako. Nilikuwa nakusikia hapo kwa Mzee ukishuhudia, mimi nikiosha glasi huko nyuma ya baa. Nikajiambia, kama huyu alitoka, hata mimi naweza." Akanionyesha mikono. "Sasa niambie. Hii kutetemeka yako iliisha siku ya ngapi?"

Jibu nilikuwa nalo. Hilo ndilo lililonitisha. Siku ya tatu, lilikuwa tayari ulimini, tena lilisikika kama Maandiko. Mumbi angeingoja siku hiyo ya tatu kama mtu aliyeahidiwa na daktari, na ikipita bado anatetemeka, angejiona yeye ndiye mbovu.

"Mumbi, mimi sijawahi kunywa."

Akangoja nicheke. "Na ile ya punda?"

"Hakukuwa na punda."

Akajikalisha kitandani kwangu. Hakunitukana, nami nilitamani sana anitukane. "Kwa hivyo," akasema polepole, "hakuna mtu amewahi kutoka."

Nilijua mistari ya Biblia mingi sana. Wakati ule kila mmoja niliougusa ulinuka jukwaa. Niliogopa, nalisema wazi, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa mbele ya watu mia.

"Sijui inaisha siku ya ngapi," nikamwambia. "Tutahesabu pamoja."

Akatapika. Alinitapikia kifuani, juu ya ile nguo nyeupe. Nikavuta karai, nikamshika paji la uso, nikaanza kuomba: Bwana, mshike huyu, mimi sijui la kufanya, mshike tu. Maneno hayakuwa na mpango wowote.

"Omba polepole," Mumbi akanong'ona. "Kichwa kinapasuka."

Nikacheka, na yeye akacheka, kisha akatapika tena.

Huko nje vipaza sauti vikaniita. Dada Sella, popote ulipo, njoo mbele, watu wa Mungu wanakungoja. Mara ya pili walianza kupiga makofi. Mara ya tatu aliyeita alikuwa Mzee Gachanja mwenyewe, na sauti ilikuwa imekauka. Nilijua chumba nilichosimama ndani yake ni chake, na kesho hatakuja kunisalimia tu.

"Enda," Mumbi akasema. "Si wanakuita?"

"Si mimi wanayemwita," nikamjibu, nikabeba karai kwenda kulimwaga.