Fundo la Nyonga

Anyango alikuwa amepiga magoti ndani ya mtumbwi wa manjano uliowekwa juu ya vigae, ghorofa ya tatu ya jengo moja la biashara ya jumla huko Sanyuanli, na wapita njia walimtazama kama mtu aliyekosea bahari. Huo ulikuwa mtumbwi wa tano. Mwenye duka, mama wa makamo ambaye wateja wote walimwita laoban, yaani bosi kwa Kichina, alikwisha kuacha kutabasamu.

"Laoban, huu unayumba," Anyango alisema, akijilaza kushoto hadi ubavu wa mtumbwi ukagusa sakafu.

"Majini hautayumba. Nani anapima mtumbwi kwenye vigae?"

Laoban alisema kweli. Lakini mtego wa ndezi, yule panya mkubwa wa vinamasini, hautegwi mtu akiwa ameketi wima kama bibi harusi. Mtegaji hujipenyeza kwenye vichochoro vya maji katikati ya mafunjo, hushika bua kwa mkono mmoja, huinama mpaka sikio likaribie maji, na kwa mkono wa pili hutandaza kitanzi kwenye njia ya mnyama. Mtumbwi ukimpwaya, mwili huteleza upande mmoja na wote wawili hupinduka. Ndiyo maana kwao, kandokando ya kinamasi cha Yala, mtumbwi wa mitego hauchaguliwi kwa macho, huvaliwa. Fundi humpima mtegaji kwa kamba: fundo la kwanza mzunguko wa nyonga, fundo la pili urefu wa mkono.

Kamba ya Japheth, kaka yake, ilifika juzi na Wangari, mfanyabiashara mwenzake aliyekuwa ametoka nyumbani, ikiwa imefunga pakiti ya omena, dagaa wa ziwani. Mtumbwi wake wa mti ulikuwa unaoza, na fundi wa mwisho pale kijijini alikwisha kuhamia mjini kuunda madirisha ya alumini. Anyango ndiye aliyejitia kimbelembele kuahidi wa plastiki, mwepesi wa kubebwa begani. Kontena la mizigo ya kwenda nyumbani lilikuwa linafungwa kesho asubuhi.

Aliizungusha kamba nyongani mwake kwa mara ya tatu, na kwa mara ya tatu haikukutana. Ilipungua kiganja kizima. Yeye, ambaye Japheth alimwita ufito tangu utotoni! Japheth aliyevunja vigoda viwili vya mama yao kwa kuvikalia tu! Akajaribu fundo la pili kutoka kwapani, nalo likapita ncha za vidole vyake, kama ilivyopaswa. Mkono ulikuwa wa Japheth. Nyonga zilikuwa za mtoto.

Aliogopa. Akapiga simu pale pale, akiwa bado amepiga magoti.

"Japh, hii kamba ulijipima mwenyewe?"

"Nani mwingine? Ndezi?" Japheth alicheka, na kicheko kikakatizwa na kikohozi.

"Washa video."

"Bundles zimeisha."

"Miezi minne bundles zimeisha?"

Upande wa pili kuku walilia. "Nunua tu huo mwembamba," Japheth alisema mwishowe. "Huu wa zamani napwaya ndani yake. Umenimwaga mara mbili."

"Unaumwa nini?"

"Anyango, si hiyo kontena inafungwa kesho? Nikikaa nyumbani nitaisha."

Hasira zikampanda. Alimkasirikia kaka yake, akamkasirikia Wangari, aliyemwona kwa macho yake na bado akakabidhi omena bila neno. Ukutani uliegemezwa mtumbwi wa kijani, mwembamba kuliko yote, uliolingana na kamba ile barabara. Kuununua kulikuwa kukubali kwamba mwili wa Japheth hautarudi. Kununua mpana kulikuwa kumzamisha kwa mikono yake mwenyewe. Moyo wake haukupata pa kukaa.

"Sinunui kwa kamba," alisema. "Nakuja kukupima mwenyewe."

Alijiandaa kukemewa. Kila alipotaja safari ya nyumbani, Japheth alimwambia abaki kwenye riziki, nauli haiokotwi njiani. Safari hii alisikia pumzi tu, nzito, ikipanda na kushuka.

"Utakuja lini?"

"Nikipata tiketi."

"Basi usichelewe, dadangu."

Japheth hakuwahi kumwomba aje, na hapo Anyango akajua kwamba kamba haikukosea. Alimwashiria laoban, akamwonyesha mtumbwi wa kijani, na kumwomba aufunge uwahi kontena la kesho.