Kisigino cha Kushoto

Nyanya yangu Zubeda aliniposa nikiwa na siku saba. Siku ya akika yangu alininyanyua mbele za watu, akasema huyu ndiye mume wangu, mwenye neno aseme sasa. Babu alikuwa hai wakati huo, ameketi pale pale anakula pilau, na hakusema neno.

Tangu hapo ndoa yetu ni ya matusi. Mimi namwita kikongwe, yeye ananiita mume hasara. Nikizidisha ulimi adhabu ni moja tu: Alhamisi jioni, nyumbani kwetu Likoni, ananikalisha kibarazani na beseni la maji ya moto na jiwe la kusugulia, nimtengeneze visigino vya Ijumaa. Nimemaliza kidato cha nne mwaka juzi, na adhabu haijaisha. Kwa hivyo kama kuna binadamu anayeijua miguu ya Bi Zubeda, ni mimi Aqil. Visigino vyake ni vigumu na baridi kama sakafu ya msikiti alfajiri. Unyayo wa kushoto una kitekenyo. Ukipitisha kidole pale katikati, mguu unaruka wenyewe, na ukikaa vibaya unakula teke la kifua. Teke kwanza, tusi baadaye.

"Nondokea hapa, mume hasara weye!"

Nazungumza hivi kwa sababu zilipita siku nyingi bila kutukanwa, na sikujua kama mtu anaweza kulikosa tusi hivyo, kama anavyokosa chakula.

Ilikuwa hivi. Nyanya alikohoa wiki mbili, na kila akiulizwa alisema ni vumbi. Ukweli ni kwamba binamu yangu Ruwaida alikuwa anaolewa kule Junda, na nyanya alijua akikiri kwamba kifua kinambana atalazwa kitandani na arusi itampita. Akanyamaza, akaenda. Akatiwa hina mikononi, akatiwa na miguuni, ikapanda mpaka juu ya visigino. Ikatiwa mara ya pili ili ikolee, na ikakolea kweli. Akacheza kuliko bi arusi. Asubuhi yake akashindwa kuvuta pumzi. Mapafu yote mawili yalikuwa yamejaa. Hospitali iliyokuwa karibu ikamtia chumba cha wagonjwa mahututi, ikamlaza kwa dawa ya usingizi, mashine ikashika kazi ya kumpumulia. Mtu aliyekuwa akinijibu kabla sijamaliza swali sasa ana mpira kooni.

Mle ndani huingia mtu mmoja mmoja, au wawili wakiombewa ruhusa, mikono imeoshwa na joho la kijani limevaliwa. Siku ya kwanza niliingia na shangazi yangu Mbeyu, binti yake nyanya, na shangazi akaweka sharti kabla ya salamu kukauka.

"Mamangu haoshwi na mwanamume."

"Hapana shida, mama," akajibu Sista Mwikali, muuguzi mkuu wa zamu ile, Mkamba wa Machakos mwenye sauti ya kuita watoto kutoka ng'ambo ya mto. "Asubuhi namwosha mimi na mwenzangu. Wanaume wetu wanasaidia kugeuza tu, na amefunikwa."

"Na mimi mumewe je?" nikauliza.

Sista akanitazama kuanzia viatu. "Wewe ni nani?"

"Mumewe. Ndoa ya miaka ishirini na moja."

"Ni mjukuu," akasema shangazi. "Msamehe, kaka yangu alimtoa jikoni kabla hajaiva."

Sista alicheka, na kwa kicheko kile nikapata kazi: uso, mikono na miguu. "Ukigusa mpira wowote nakutoa, na joho langu nakuvua."

Akanifunza huku anafanya. Mtu mwenye fahamu, akilala, hujigeuza mara nyingi bila kujua. Dawa ya usingizi ilikuwa imemnyang'anya nyanya hata hilo. Sasa mfupa unaibana ngozi juu ya godoro, damu haipiti, na ngozi inakufa taratibu mtu akiwa amelala. Jasho, mkojo na shuka iliyokunjamana vinaiharakisha. Ndiyo maana walimgeuza kila baada ya saa mbili, wakamwosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyowasha, wakamkausha kwa kugusagusa na taulo, wakampaka mafuta ya ngozi, wakanyoosha shuka kama wanatandikia mgeni.

"Na ukiona mahali pekundu, usisugue," akasema. "Nyinyi watu wa Pwani mnapenda kukanda kila kitu. Ukikanda pale unaimalizia. Tena huyu ana sukari. Kidonda cha mguu kwa mtu wa sukari unajua kinakoishia."

Nilijua. Jirani yetu Mwinyihaji, muuza mkaa, chake kilimuishia juu ya goti.

Alipofika miguuni akainama. "Huu wekundu wa visigino umeanza lini?"

Hapo ndipo nilipocheka. Wallahi nilicheka mpaka barakoa ikateremka. "Sista! Hiyo ni hina! Kwani kwenu Machakos mkienda arusini mnapakwa nini, udongo wa mfinyanzi?"

Muuguzi mwenzake akacheka, shangazi akacheka. Sista Mwikali akatabasamu upande mmoja wa mdomo, akaandika kitu kwenye karatasi yake. "Sawa. Ni hina."

Na kutoka siku ile hakuna aliyeuliza tena habari ya visigino. Kila zamu walivitazama, wakaviona vyekundu, wakapita. Kijana mwenyewe alishasema ni hina.

Siku ya pili na ya tatu nilikuja na mzigo wangu wote wa vichekesho. Nilimwambia nyanya kwamba nimeoa mke mwingine, msichana wa Mjambere mwenye meno yake yote. Nilimwambia kuku wake wamehamia kwa jirani kwa sababu mapishi ya kule ni mazuri. Nilimwosha mikono, kidole kwa kidole. Nilipofika miguuni nilipitisha kitambaa juujuu tu, maana haraka yangu ilikuwa ni kufika kwenye unyayo wa kushoto. Nikapitisha kidole pale katikati. Mguu ukalala vile vile, kama wa mtu mwingine. Nikajaribu tena. Mashine ikavuta pumzi, ikatoa.

Nikavuka feri kurudi Likoni. Nyumbani beseni lilikuwa limeinamishwa kibarazani, na nikakaa kando yake, bila maana yoyote.

Siku ya nne ilikuwa Alhamisi. Nikaenda na jiwe mfukoni. Sikuwa nimefanya kosa la kustahili adhabu, au ndivyo nilivyodhani, lakini niliitaka adhabu yangu.

"Hiyo ni nini?" akauliza Sista Mwikali.

"Jiwe. Leo Alhamisi."

"Ukimsugua na hiyo, nitakusugua wewe." Akalichukua, akalitia kwenye droo yake.

Basi nikaosha kwa mkono. Nikaloweka kitambaa, nikaosha kati ya vidole, nikakausha kati ya vidole kama nilivyofunzwa. Kisha nikakipakata kisigino cha kulia kiganjani, kama nilivyokipakata Alhamisi zote. Kigumu, baridi. Nikakipakata cha kushoto.

Kilikuwa cha moto. Na kilibonyea. Kidole gumba changu kilizama kidogo, kama kwenye embe lililoiva upande mmoja.

Nikarudi cha kulia, nikaja cha kushoto. Nikarudi tena. Kwa macho vilikuwa pacha, rangi moja ile ile ya hina. Nikahisi kile kicheko changu cha siku ya kwanza kinanirudia kooni, na safari hii kilikuwa kichungu. Nilitaka mtu mwingine akigundue. Nilitaka nifunike shuka, nimwachie zamu ya jioni.

"Sista."

"Nini tena?"

"Kisigino hiki sio chake."

"Aqil, leo sitaki mzaha. Nina wagonjwa sita."

"Si mzaha." Sauti ikanitoka nyembamba, mwenyewe sikuitambua. "Hivi visigino navijua. Hiki cha kushoto ni cha moto na ni laini. Nyanya hana kisigino laini. Njoo uguse, tafadhali."

Nadhani ni ile tafadhali iliyomtisha. Akavaa glavu, akagusa, kisha akageuza mkono akagusa kwa mgongo wa kiganja. Kushoto, kulia, kushoto. Akabonyeza, akaachia, akatazama kama rangi itabadilika, lakini hina ilikuwa imefunga pazia. Nikaanza kuhesabu pumzi za mashine.

"Ngozi haijachanika," akasema mwishowe. "Lakini chini yake imeumia."

"Ulikuwa umeuliza, Sista. Mimi ndiye niliyecheka."

"Ulicheka, ndiyo. Na mimi ndiye muuguzi. Ngozi nyeusi tunafunzwa tuiguse, tusiamini macho peke yake. Nikaona aibu kuuliza mara ya pili, nisichekwe tena." Akavua glavu. "Sasa wote wawili tumeshajua. Lete mto."

Akamwekea mto kwa urefu chini ya mashavu ya miguu, visigino vyote viwili vikaning'inia hewani bila kugusa kitu. Akanionyesha nafasi: mkono wangu upite chini ya kisigino bila kukwama. Akaita daktari, naye akakitazama, akasema tungoje. Kikirudi kuwa baridi na kigumu ndani ya siku chache, tumepona. Kikitoka lengelenge au kikiwa cheusi, ataitwa mpasuaji. Kisha Sista akachukua kalamu nene, akaandika karatasi, akaibandika ukutani juu ya kitanda: HINA. GUSA, USITAZAME TU.

Jioni ile shangazi Mbeyu akaingia na chupa ya mafuta ya nazi, mikono imeshakunjwa tayari.

"Nipishe nimkande, damu ipite."

"Shangazi, hapana. Usikande."

"Tangu lini weye mganga?"

"Tangu leo asubuhi. Kaa, nikwambie nilichofanya."

Nikamwambia yote, hata kicheko. Aliishika chupa yake kwa mikono miwili. Hakunigombeza, na ningeomba anigombeze. "Mama akikatwa mguu," akasema, "atacheza vipi arusi yako?"

Siku zilizofuata sikuja na vichekesho. Nilifika saa ile ile, nikaosha mikono, nikaangalia mto kwanza, kisha nikapitisha mkono chini. Wakimgeuza ubavu, mto ulihama, na nilijifunza kuurudisha. Siku moja shuka chini yake ilikuwa imelowa na nikamwita Sista kabla sijasalimia, wakamsafisha, wakamkausha, wakampaka krimu ya kuzuia unyevu, wakatandika nyingine. Mimi nilisimama nje ya pazia, kama alivyotaka shangazi. Siku ya tano kisigino kilikuwa cha moto vile vile. Siku ya sita nilidhani kimepoa, Sista akasema ni mikono yangu iliyopata joto. Siku ya saba kilipoa pembeni, katikati bado. Niliondoka nikiwa nimekibeba kichwani: nikiwa ndani ya feri nilikuwa nikikunja kiganja, nikijaribu kukumbuka kama kilibonyea hivi au hivi.

Nilichokosa si mazungumzo. Mazungumzo nilikuwa nayo, watu wote wa Likoni waliniuliza hali. Nilimkosa mtu mmoja wa kunitazama nikipita mlangoni na kuona hasara.

Siku ya tisa nikakipakata. Baridi. Nikabonyeza kwa kidole gumba, na kidole hakikuzama. Nikamwita Sista, akagusa kwa mgongo wa kiganja, kulia, kushoto, kulia. Akafungua droo, akatoa jiwe langu, akaniwekea mkononi.

"La nyumbani," akasema. "Hapa bado ni kitambaa."

Siku ile ile daktari akaanza kupunguza dawa ya usingizi. Kuna wanaoamka mchana huo huo, wengine siku ya pili, wengine husubiriwa. Ya kumi ikapita, kope zikitikisika tu. Ya kumi na moja ilikuwa Alhamisi. Nilimkuta mato yako wazi, yanatazama dari. Nikainama mbele yake.

"Kikongwe. Mumeo huyu."

Mato yalinipita, yakarudi darini.

Nikaenda miguuni, maana huko ndiko ninakojulikana. Nikaosha kulia, nikakausha. Nikaosha kushoto, kati ya vidole, nikakausha. Hina ilikuwa imeanza kupauka, ngozi yake mwenyewe ikichungulia pembeni. Nikamtazama Sista. Akatikisa kichwa kukubali. Nikapitisha kidole katikati ya unyayo, polepole.

Mguu ukaruka. Halikuwa teke la kumwangusha mtu. Lilitosha kulipiga beseni ubavuni, na maji yote yakanimwagikia kwenye viatu. Sista Mwikali akapiga kelele ambayo nina hakika hairuhusiwi mle ndani.

Nilipoinua kichwa, nyanya alikuwa ameteremsha mato kutoka darini. Alikuwa akinitazama mimi. Midomo ikacheza kando ya ule mpira, mara mbili, bila sauti. Huenda ni neno, huenda ni kiu tu.

Nikaurudisha mguu juu ya mto, kisigino kikaning'inia hewani, nikapitisha mkono chini kuhakikisha. Kisha nikavuta kiti, nikakaa karibu na uso wake, viatu vimejaa maji. Teke nilishapata. Nikangoja tusi lake.