Lenzi Zote Zina Ukungu

Mume wangu ni mpiga picha, na mtaa mzima unamwita Mzee Tulia kwa sababu hilo ndilo neno lake. Kamera yake ni ile ya filamu, ya kuzungusha lenzi kwa mkono mpaka jicho liridhike. Siku hizi picha zinatoka zimefifia, naye anawalaumu wateja kwamba wametikisika. Bibi harusi katikisika, mtoto katikisika. Mwezi uliopita alipiga picha msibani, nikamsikia kwa masikio yangu akisema marehemu naye hakutulia.

Nilikuwa nacheka tu, mpaka binti yetu wa mwisho aliponifuata jikoni. Anaolewa Jumamosi. "Mama, mwambie baba tutafute mpiga picha mwingine," akasema, machozi yanamlengalenga. Nitamwambiaje? Mzee aliapa zamani kwamba harusi ya mwanawe haitapigwa picha na mtu baki. Nikaona heri nimtafutie kamera kuliko kumtafutia ugomvi. Kuna zile za filamu za zamani zinazojitafutia fokasi zenyewe, picha itoke kali bila wewe kuzungusha lenzi: unabonyeza nusu, inakoroma kidogo, inalia pii, unamalizia. Akakubali shingo upande.

Tukaanza kuzunguka kwa wauza vitu vya mitumba. Kila lenzi anaiinua kwenye mwanga, anafumba jicho la kushoto, anachungulia. "Ina ukungu." Ya pili, ukungu. Duka zima, ukungu. Muuzaji mmoja akamwambia, "Mzee, kama hununui sema," nusura washikane mashati. Miguu inaniuma, na aibu ndiyo usiseme.

Mwishowe tukafika nyumbani kwa mwalimu mstaafu, mama mpole, anauza kamera yake, ya aina hiyohiyo ya kujitafutia fokasi, na lenzi mbili. Vitu amevitunza kama mboni ya jicho. Mzee akasogea dirishani, akainua lenzi, akafumba jicho. "Dada, hii uliiweka penye unyevu. Ina ukungu."

Mwalimu akaichukua, akachungulia, akanipa mimi. Haikuwa na hata doa. Hapo nikazikumbuka zile picha zote zilizofifia.

"Hebu tazama kwa jicho la kushoto," nikamwambia.

"Maisha yangu yote natazama kwa la kulia, leo unanifundisha kazi?"

"Tazama tu, baba watoto."

Akatazama. Akabadilisha, kulia, kushoto, kulia. Akachukua lenzi ya pili, akafanya vilevile, polepole zaidi. Kisha akaziweka mezani na kukaa bila kukaribishwa.

"Mtafuteni mtu mwingine," akasema.

Maneno hayo niliyaombea wiki nzima, na yalipokuja yakanichoma. Mwalimu akajidai ana kitu jikoni, akatuachia sebule.

"Jicho tutalipeleka hospitali," nikasema. "Na mtu baki haji. Kamera hii inajua kazi. Nitabonyeza mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Tumeozesha watoto watatu, mume wangu, na kwenye picha zote za harusi zao wewe humo. Kila mara uko nyuma ya kamera. Huyu wa mwisho utakaa naye pichani."

Hakubisha, na kwa mtu yule kutobisha ni ajabu. Akaitazama mikono yake juu ya magoti, akiigeuza huku na huku.

"Mama watoto," akaniuliza kwa sauti ya chini, "hivi mtu anayepigwa picha, mikono anaiweka wapi?"