Pale Mlima Ulipomeguka

Jiwe lilikubali kukaa. Mama Njia aliegemea mtaimbo, akafuta jasho, na hapo ndipo alipomwona wifi yake akipanda polepole, mkono kiunoni.

Jina hilo alipewa na wapandaji. Kila mvua zikipita, yeye ndiye huzibua mifereji, hufyeka nyasi na kupanga upya ngazi za mawe kwenye njia ya kileleni, ambako watu huenda kuomba. Kazi aliirithi kwa mumewe. Huyo alifukiwa na maporomoko ya udongo akimtafuta mpandaji aliyepotelea mvuani. Aliyepotea mwenyewe alishuka salama kwa upande wa pili. Siku ya mazishi wifi, dada wa marehemu, alisema mbele ya waombolezaji kwamba mke mwenye akili asingemwacha mume atoke katika mvua ile. Tangu hapo hakutia mguu kwake. Mama Njia aliyameza maneno yale, nayo hayakushuka.

Walisalimiana kwa adabu, wakaulizana hali na watoto kama watu waliokutana kwenye foleni. Kisha wifi akautazama mlima uliobaki.

"Hizi ni ngazi au adhabu?"

"Zenyewe bado hujaziona, wifi."

Mama Njia alimkatia fimbo, akatangulia. Njiani alisimama mara kung'oa gugu, mara kusukuma kokoto kwa kidole cha mguu, ili mwenzake apate pumzi bila kuiomba.

Kwenye kona ya mwamba, wifi aliuliza ni wapi hasa. Akaonyeshwa. Alitarajia kovu jekundu. Aliona mteremko uliomea nyasi, vipepeo, na kijito chini kabisa. Njia ya zamani iliishia hapo. Mpya ilizungukia juu.

Alikaa kitako.

"Alisema nini akitoka?"

"Aliniomba kamba. Nikamwambia angoje mvua ipungue. Akasema, huyo aliyepotea naye ana dada anayemsubiri nyumbani."

Wifi aliuma ncha ya khanga yake. Mabega yalitikisika, yakatulia.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungeniamini siku ile?"

Wifi alifikiri kwa uaminifu. "Nisingekuamini," alisema. Akanyoosha mkono ainuliwe.

Kileleni watu huvua viatu. Wifi alijaribu kuinama, mgongo ukakataa. Mama Njia alipiga magoti, akaanza kufungua kamba za viatu zilizokazwa na umande na matope. Ili asianguke, wifi alimshika kichwani. Kiatu cha kwanza kikatoka. Cha pili nacho kikatoka, lakini mkono ule ulibaki pale pale, mzito na wa moto, huku ukungu ukipanda kutoka bondeni na waliotangulia wakianza kuimba mahali wasipoonekana.